Shaba Ikiwa Kazini

Kilosa, Jumamosi 5 Aprili 2025

Nimeingia jana kwa treni ya umeme. Mama kanikagua, kasema nimekonda, akaita na majirani wathibitishe. Mkondoa umejaa. Mto huu ukijaa watu wa hapa hawapigi kelele. Wanakwenda kuutazama, wanarudi, wanaendelea na shughuli zao. Yale ya Desemba 2009 na Januari 2010, maji yalipoingia mjini na kuzoa tuta la reli, husimuliwa hata na watoto waliozaliwa baadaye.

Nilisema nakuja kupumzika, lakini nimebeba diski yenye video za majira yote ya baridi ya Ujerumani, na kabla ya Juni lazima niamue zipi zinaingia kwenye tasnifu na zipi zinabaki humo humo. Kuna moja inayonisumbua kuliko zote. Nitaifikia.

Mwalimu ameshajua nipo. Ujumbe wake: “Binti, nasikia umetua. Jumatatu uje na hizo sinema zako.” Namfahamu, hapendi mhadhara. Ataanza kwa kuuliza maji yamefikaje ndani ya hadubini ya elektroni, kwa hiyo najipanga hapo.

Hadubini hiyo hufanya kazi ndani ya ombwe. Elektroni zikikutana na hewa hutawanyika kabla hazijaifikia sampuli. Ndiyo maana tangu Ernst Ruska na Max Knoll waunde ya kwanza mjini Berlin mwaka 1931, vitu vilivyowekwa chini yake vilikuwa karibu vyote vikavu: vimekaushwa, vimekatwa vyembamba, au vimegandishwa. Tone la maji likiachwa wazi ndani ya ombwe huchemka na kutoweka, na mashine inaingia matatani. Sasa vichocheo ninavyovisoma mimi, vile vinavyotumia umeme kugeuza kemikali moja kuwa nyingine, havifanyi kazi pakavu. Vinaishi ndani ya elektroliti.

Dawa yake ni kuyafungia maji. Unachukua vipande viwili vya silikoni, kila kimoja kidogo kuliko ukucha. Katikati ya kila kimoja kuna dirisha lililozibwa kwa utando wa nitridi ya silikoni wenye unene wa nanomita 50 hivi. Unavilaza uso kwa uso, unaacha mwanya mwembamba usiofika hata mikromita moja, na maji yanapita humo. Elektroni zinapenya dirisha la juu, zinapenya maji, zinatokea dirisha la chini. Juu ya dirisha mojawapo kumechapwa elektrodi ya kaboni, na pembeni yake kuna mbili za platinamu. Frances Ross na wenzake walionyesha pale IBM mwaka 2003 kwamba jambo hili linawezekana: waliiona shaba ikiota juu ya dhahabu, kishungi kwa kishungi, huku mkondo wa umeme ukipimwa wakati huohuo.

Kazi ya mikono ndiyo ninayoiota usiku. Kibano, pete za mpira, tone la elektroliti, kipande cha juu kishuke bila kunasa kiputo. Skrubu ukizilegeza maji yanavuja, ukizikaza mno utando unapasuka. Husikii mlio wowote. Unajua tu kwa kuwa rangi ya dirisha imebadilika chini ya hadubini ya kawaida. Halafu kishikio kizima kinapelekwa kwenye pampu ya pembeni kujaribiwa, maana hakuna fundi atakayekuruhusu uingize maji kwenye mashine kwa kusema “nadhani imeziba”.

Kilosa, Jumatatu 7 Aprili

Nimemkuta Mwalimu uani na wanafunzi wake wa tuisheni, kidato cha tatu, wanapasua betri za tochi zilizokwisha. Hata mimi nilianzia hapo. Ganda la zinki kando. Ujiti wa kaboni wa katikati unafutwa na kuwekwa kwenye kopo, utakuwa elektrodi kipindi kijacho. Unga mweusi unaoshwa, unachujwa kwa kitambaa, unaanikwa juu ya bati. Humo ndimo ilimo dioksidi ya manganizi, pamoja na vumbi la kaboni, na Mwalimu hawafichi: “Hiki si kitu safi. Maabara yenye hela ingenunua kilicho safi.”

Kisha chupa ya haidrojeni peroksidi kutoka duka la dawa. Peke yake imetulia. Ukitia unga kidogo, povu linapanda hadi mdomoni mwa neli, na njiti iliyobaki na kaa jekundu inawaka upya ikishushwa humo. Oksijeni. Unga unachujwa tena, unakaushwa, unarudi kwenye mizani: uzito uleule. Hapo wanafunzi wanaimba kama tulivyoimba sisi, kwamba kichocheo huongeza kasi ya mmenyuko na chenyewe hakibadiliki.

Walipoondoka nikafungua kompyuta.

Nilianza na picha kabla ya umeme: vijichemraba vya oksidi ya shaba, kona kali, vimetapakaa juu ya kaboni. Vimezungukwa na maji yenye baikaboneti ya potasiamu na hewa ya ukaa iliyoyeyushwa. Kisha nikaicheza video. Volti inashuka upande hasi. Kwa muda hakuna kitu. Halafu kona zinaanza kulegea, ngozi ya kijichemraba inakwaruzika, punje ndogo zinajitokeza ubavuni, nyingine zinahama na kushika mahali pengine kwenye elektrodi. Tulichoingiza kama oksidi kinakuwa shaba yenyewe, na ndiyo inayoifanyia kazi hewa ya ukaa.

Mwalimu aliirudisha nyuma, akaicheza tena, akasimamisha. “Ukizima umeme ukazitoa?”

“Zikikutana na hewa zinashika oksijeni. Zinarudi kuwa oksidi.”

Akanyamaza kidogo. “Yaani anaingia oksidi, anatoka oksidi, na kazi imefanywa na mwingine.”

Sikuwahi kulisema vizuri hivyo, hata kwenye semina. Nikamweleza kwamba wapo walioliona kwa ukamilifu kuliko mimi. Kundi la Berlin, Rosa Arán-Ais, See Wee Chee, Beatriz Roldan Cuenya na wenzao, walichapisha mwaka 2020 namna vijichemraba vya aina hii vinavyoota na kubomoka ndani ya maji. Mwaka 2023 Yao Yang, Peidong Yang na wenzao huko Marekani waliandika kwenye jarida la Nature kuhusu chembe za shaba za nanomita 7: zikiwa kazini zinaungana kuwa mkusanyiko wa punje za shaba, ovyo ovyo, zenye mipaka mingi kati ya punje na punje, na ni mkusanyiko huo unaozalisha. Zikitolewa hewani zinageuka upesi kuwa vijichemraba vya oksidi, vizuri, vilivyonyooka. Mtu anayekuja baada ya kazi na hadubini yake kavu angevipiga picha hivyo vijichemraba na kuvipa sifa ambazo si zake. Nina hakika makala nyingi za zamani zimefanya hivyo, kwa nia njema kabisa.

Mwalimu hakuniachia nijitape. “Manganizi yangu hujaipiga picha. Usiihukumu kwa tabia za shaba.” Ni kweli. Kisha akaongeza kwamba maneno ya kitabu yanasema mwishoni, na mwishoni hesabu inatoka. Nikamjibu kwamba wanafunzi hawasikii neno mwishoni. Wanasikia kwamba kichocheo kinakaa pembeni hakiguswi. Kumbe kinashika, kinashikwa, kinavunjika na kujiunga. Tumebishana hadi adhana ya magharibi. Amekubali nusu.

Kilosa, Jumanne 8 Aprili

Mvua tangu alfajiri, umeme umekatika mara kwa mara, kompyuta inaishi kwa betri. Nimemmenyea Mama viazi.

Ameuliza swali ambalo wafadhili nao huuliza: itasaidia nini? Nimemwambia hewa ya ukaa, maji na umeme, vikipita juu ya shaba, vinaweza kutoa ethilini, na ethilini ndiyo malighafi ya plastiki. “Kwa hiyo moshi unakuwa ndoo.” Ndiyo, Mama. Yoshio Hori wa Japani aligundua katikati ya miaka ya 1980 kwamba shaba ina kipaji hiki, na hadi leo hakuna metali nyingine peke yake inayoifikia. Tatizo ni kwamba inatoa mchanganyiko, haichagui vizuri, na inachoka.

Sipendi kuahidi zaidi ya hapo. Kazi hii inakula umeme mwingi, na itakuwa na maana tu pale umeme wenyewe hautoki kwenye moshi. Sisi tuna Kidatu, megawati 204, upande wa pili wa milima hii, na Bwawa la Nyerere lililojengwa kwa megawati 2,115. Lakini taa ya jikoni kwa Mama ndiyo hiyo inawaka na kuzimika. Ndoo zisubiri.

Kilosa, Jumatano 9 Aprili

Sasa ile video.

Ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kupata. Kiputo kilisukuma sehemu ya maji, ukabaki utando mwembamba juu ya elektrodi, na picha ikang’aa. Kila aliyeiona maabara alivuta kiti. Vijichemraba vinameguka mbele yako, punje zinatembea, kimoja kinapasuka katikati.

Kinachonikera ni mwale wenyewe. Elektroni zilizosukumwa kwa volti 300,000 hazipiti ndani ya maji kwa adabu. Zinazipasua molekuli njiani na kuacha elektroni zilizozama majini, haidrojeni moja moja, radikali za haidroksili, gesi ya haidrojeni, na haidrojeni peroksidi, ileile ya chupa ya Mwalimu. Baadhi zinaipunguza oksidi kuwa shaba hata bila volti yangu. Nyingine zinaila shaba na kuiyeyusha. Kwa hiyo ndani ya dirisha kuna wapishi wawili, umeme niliouweka na mwale ninaotazamia, na chungu ni kimoja.

Wanaofanya kazi hii wanalijua hilo, hakuna siri. Swali ni mtu anafanya nini baada ya kulijua. Nilifanya lililo la lazima: baada ya video nilihamisha jukwaa hadi upande mwingine wa elektrodi hiyohiyo, ambao ulipata volti zilezile kwa muda uleule lakini haukuguswa na mwale. Huko nako kona zimelegea. Punje zipo. Lakini vilivyopasuka katikati ni vichache mno, na punje zilizohama mbali karibu hazipo. Hivyo hadithi ya jumla ni ya kweli, ila zile sekunde zinazowafanya watu wavute kiti ni za mwale kwa sehemu kubwa.

Na utando mwembamba wa maji una lawama yake. Kiputo kikishafukuza maji, ioni hazifiki kama zinavyofika kwenye seli ya kawaida, na hewa ya ukaa inakwisha upesi mahali hapo. Picha inang’aa kwa sababu kemia imekondeshwa. Sijataja hata elektrodi ya rejea: platinamu tupu, inayohamahama, kiasi kwamba volti ninayoiandika kwenye jedwali ina “takriban” ndefu mbele yake.

Mwenzangu mmoja wa maabara anashauri niiweke, na chini yake niandike onyo. Onyo husomwa na wachache. Video hutazamwa na wote.

Mikumi, Ijumaa 11 Aprili

Nimekuja kwa binamu, njia ya Ulaya na Zombo, gari limejaa na tope limetuchelewesha. Tulipokuwa wadogo mtu akisema fulani kaenda Ulaya, jibu lilikuwa: ipi, ya huku au ya ng’ambo? Utingo leo ameniuliza hivyohivyo nilipotaja nilikotoka.

Binamu anaongoza watalii hifadhini. Msimu huu ni mkavu wa wageni na umejaa maji, barabara za ndani zinateleza, nyasi za uwanda wa Mkata zimefika kifuani mwa swala. Hifadhi ni ya mwaka 1964, kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya Dar kwenda Iringa inaikata katikati kwa kilomita 50 hivi. Tumekaa pembezoni mwa bwawa la viboko, injini imezimwa. Nilimweleza shida ya mwale. Akaidaka haraka: “Dada, hilo ni letu. Gari likifika wanyama wanajua. Ndiyo maana tunasubiri wazoee.”

Nilitaka kukubali, ni mfano mtamu. Nimeukataa palepale garini, tukabishana mpaka jua limepungua. Tembo anazoea. Ukirudi kesho na keshokutwa bila kumdhuru, anaendelea kula, na unachokiona kinakaribia maisha yake halisi. Shaba haizoei. Kila elektroni iliyopita imeongezwa juu ya zilizotangulia. Kadiri unavyoitazama kwa muda mrefu ndivyo unavyoondoka mbali na ukweli. Subira, ambayo kwa binamu ndiyo ujuzi wa kazi yake, kwangu ni hasara isipokuwa nimefunga mwale wakati wa kusubiri.

“Basi piga picha, fumba macho, piga tena,” akasema. Ndivyo tunavyofanya tukiwa waungwana. Picha zinazotoka ni za chengachenga, elektroni ni chache mno, na msomaji anaona ukungu na kudhani hujui kutumia mashine.

Jioni tumekula kando ya njia panda ya Kidatu. Hiyo ndiyo njia ya kwenda Ifakara na kupandisha Mahenge, kwenye madini ya kinywe ambayo kampuni za uchimbaji zimekuwa zikiyapimia. Binamu hakujua kwamba kinywe ni kaboni ileile ya ujiti wa betri, wala kwamba tabaka lake moja tu, lenye unene wa atomu moja, linaitwa grafini. Mwaka 2012 watafiti wa Berkeley walifungia kimiminika kati ya karatasi mbili za grafini badala ya nitridi ya silikoni, wakaziona chembe za platinamu zikikua na kuungana kwa uwazi uliokaribia atomu. Dirisha ni jembamba kiasi kwamba ni kama halipo. Ila mfuko ule umeziba pande zote: kuupitishia maji na kuuunganisha na nyaya za umeme ni kazi ngumu, ndiyo maana mimi bado niko kwenye nitridi.

Mikumi, Jumamosi 12 Aprili

Nimeamka mapema, malori ya usiku bado yanapita. Nimeamua. Video haiingii kwenye sura ya matokeo. Itakaa kwenye sura ya mbinu, pembeni ya picha ya ule upande usioguswa na mwale, kwa kipimo kilekile, ili mtu aone tofauti kabla ya kuona uzuri.

Matokeo yatabebwa na zile picha za chengachenga. Hazipendezi. Zinaonyesha kona zikilegea na punje zikitokea pande zote mbili, na hilo linanitosha.

Kilosa, Jumatatu 14 Aprili

Nimemwandikia msimamizi wangu. Nimeomba zamu tatu zaidi za mashine. Ya kwanza volti bila mwale, kutazama mwanzo na mwisho tu, lakini kishikio kisifunguliwe hewani kabla ya picha ya mwisho, la sivyo tutapiga picha ya oksidi na kuisifia kama wengine. Ya pili mwale bila volti, kwa dozi ileile iliyotumika kwenye video. Ya tatu vyote viwili, kwa vipindi vifupi, mwale ukifungwa katikati. Atajibu kwamba zamu ni ghali. Najua bei yake. Makala isiyo na zamu ya pili siioni ikipita kwa mhakiki mkali, na ikipita kwa mhakiki mlegevu itanirudia.

Alasiri kwa Mwalimu. Amekuwa akifikiria, kaandika kwenye daftari lake la maswali. Ameniomba kwanza nimhakikishie kuhusu mwale na peroksidi, nilipomweleza alicheka sana: “Kwa hiyo mashine ya mabilioni inatengeneza dawa ya vidonda.” Kisha akauliza kama unga wake mweusi ungewekwa humo ungeonyesha nini. Nimemwambia ipo kazi kubwa duniani juu ya oksidi za manganizi, kwa kuwa zinatafutwa zichukue nafasi ya iridiamu katika kupasua maji kupata haidrojeni. Iridiamu yenyewe dunia nzima huchimba tani saba au nane tu kwa mwaka, nyingi kutoka Afrika Kusini. Na ndiyo, manganizi nayo ikiwa kazini hubadili hali yake ya oksidi, hupanda na kushuka. Akafunga daftari kidogo, akafungua tena.

Swali lake la mtihani wa majaribio, ambalo atalitafsiri kwa Kiingereza kwa ajili ya karatasi, linasema: Mwanafunzi alipima kichocheo kabla na baada ya mmenyuko akapata uzito uleule. Eleza kwa nini kipimo hicho hakitoshi kuonyesha kwamba kichocheo hakikubadilika wakati wa mmenyuko.

Anataka alipe alama 2. Mimi nilisema 4. Anadai anayejua atajibu kwa sentensi moja, na sentensi moja haiwezi kuzaa alama 4 mbele ya wazazi. Tumekubaliana 3, na ya tatu apewe yule tu atakayependekeza namna ya kupima katikati ya kazi.